Pikapu na Kipanya: Somo la Historia ya Magari Yetu ya Abiria

Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kila mtu anayo karatasi na kalamu, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo hili limetokana na barua. Barua hiyo ilitoka Suguti, katika Musoma Vijijini, nayo iliandikwa na akina mama wa darasa moja ambao kazi yao ni kuanika na kuuza dagaa. Wameweka akiba kwa muda mrefu, na sasa wanataka kununua gari moja lililokwisha tumika. Nusu yao wasema wanunue pikapu, kwa kuwa ina nguvu na haichoki na mizigo. Nusu nyingine wasema wanunue Hiace, hiyo tunayoiita kipanya, kwa kuwa itabeba dagaa na watu pamoja, na siku ya mnada italeta nauli. Nilidhani wataniuliza bei ya mafuta. Hawakuuliza. Walichouliza ni hiki: katika magari hayo mawili, ni lipi litakalowarudisha nyumbani wakiwa wazima?

Swali kama hilo haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Yafaa kwanza tujue magari haya yalitoka wapi, na yamewatendea nini watu wa nchi zetu.

Tuanze huko huko Mara. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikakomea hapo. Musoma haikupata gari la moshi. Mizigo mingi ilikuja kwa meli, ikashushwa bandarini, kisha ikaenda ndani kwa punda, kwa vichwa vya watu, na baadaye kwa lori. Lori lilikuja kuchukua pamba, na juu ya marobota ya pamba wakapanda watu. Wazee wengi wa nchi hii safari yao ya kwanza ya motokaa ilikuwa hivyo: kukaa juu ya mzigo, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umeshika kofia. Hakuna aliyeuliza kama gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya watu. Lilikuwapo, basi, na miguu ilikuwa imechoka.

Pikapu ilizaliwa Marekani. Wakulima wa huko walikuwa wakikata sehemu ya nyuma ya motokaa zao na kuweka sanduku la mbao la kubebea maziwa na viazi. Kampuni ya Ford ilipoona hivyo ikaanza yenyewe kuuza gari la namna hiyo mwaka 1925. Yaani mbele ni motokaa, nyuma ni sanduku. Tangu siku hiyo mpaka leo umbo lake halijabadilika sana. Waliokusudiwa kukaa ndani yake ni wale wa mbele tu. Sanduku la nyuma lilikuwa la viazi.

Kipanya kina asili nyingine. Mwaka 1950 Wajerumani walianza kutengeneza gari la Volkswagen ambalo lilikuwa kama kasha lenye madirisha. Huku kwetu liliitwa Kombi. Fikra yake ilikuwa kwamba dereva asogezwe mbele kabisa, akae juu ya magurudumu ya mbele, ili nafasi yote iliyobaki iwe ya watu au ya mizigo. Wajapani wakaifuata fikra hiyo. Toyota walitoa Hiace mwaka 1967, na mwaka uliofuata, 1968, wakatoa pikapu ya Hilux. Kwa hiyo magari ambayo akina mama wa Suguti wanabishania ni ndugu wa baba mmoja, wamepishana mwaka mmoja. Lakini kama mjuavyo, ndugu wa baba mmoja si lazima wawe na tabia moja.

Sasa twende mijini, maana huko ndiko magari haya yalikobeba watu wengi zaidi.

Nairobi wakati wa uhuru kulikuwa na magari madogo makuukuu yaliyobeba watu kwa senti thelathini. Inasemekana jina la matatu lilitokana na nauli hiyo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yafanye kazi bila leseni ya mabasi. Watu wakashangilia, maana usafiri ulikuwa wa shida. Lakini ruhusa hiyo haikusema gari liwe la namna gani. Zikatumika pikapu za Peugeot, zikawekewa turubai au bati juu, na mabenchi mawili ubavuni. Anayeingia haingii kwa mlango. Anapanda kwa nyuma, na wa mwisho huning'inia.

Dar es Salaam mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila kwa kuchelewa. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974, nalo peke yake ndilo lililokuwa na haki ya kubeba abiria mjini. Halafu vikaja vita vya Uganda vya 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, vipuri vikaadimika, mabasi yakalala karakana. Watu walisimama vituoni tangu alfajiri. Mwaka 1983 Serikali ikakubali magari ya watu binafsi yabebe abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndipo likaja jina la daladala. Na mengi katika hayo ya kwanza yalikuwa nini? Pikapu na malori madogo yenye mabenchi. Abiria walikaa wakitazamana, magoti kwa magoti, kama watu walio katika kibanda cha chai, basi magari hayo yakaitwa chai maharage. Jina hilo huchekesha, na sisi Waswahili hupenda kuchekesha shida ili ipite. Lakini waliosafiri humo hawakusahau jinsi breki ilivyowasukuma wote mpaka wakabanana kwenye kibini.

Tangu mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu watu wenye fedha za kigeni walete bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zilitoka wapi, nazo pikapu zikaja kwa wingi, zikafika mpaka vijijini. Katika miaka ya 1990 zikaja Hiace zilizotumika Japani, na hizo ndizo zilizoziondoa chai maharage katika miji mingi ya bara. Unguja walibaki na gari zao za mbao kwa muda mrefu zaidi, na hilo ni somo la siku nyingine.

Je, kuhama kutoka pikapu kwenda kipanya kulileta usalama? Nasema kulileta, lakini si kwa kiasi tulichodhani. Hapo ndipo penye kiini cha somo letu.

Fikirini mama aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Akitembea taratibu hamwagi hata tone. Akiitwa kwa ghafula akageuka upesi, mtungi wataka kuendelea kule alikokuwa akienda. Gari nalo ni hivyo. Uzito ukiwa chini, karibu na ardhi, gari hukata kona kwa utulivu. Uzito ukiwa juu, wakati wa kona ule uzito wataka kuendelea moja kwa moja, na gari huvutwa upande mpaka magurudumu ya upande mmoja yainuke.

Nyinyi mlio karibu na ziwa mwalijua jambo hili kuliko mimi. Hakuna mvuvi wa Kusenyi anayewaruhusu watu wasimame katika mtumbwi kukiwa na mawimbi. Na tumelijua kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nacho pia kilikuwa kimejaza mno. Walikufa zaidi ya watu 220. Barabarani watu hufa kidogo kidogo, kumi hapa na watano pale, kwa hiyo hatuoni kwamba ni jambo lile lile.

Basi tuipime Hiace. Ile ya kawaida, nyembamba, upana wake ni kama mita 1.7 na kimo chake karibu mita 2. Yaani ni ndefu kwenda juu kuliko ilivyo pana. Ikiwa tupu si mbaya, kwa sababu injini yake iko chini ya viti vya mbele, nayo huivuta chini. Lakini wapakie watu. Watu 14 wenye kilo 65 kila mmoja ni kilo ngapi? Andikeni. Ni kilo 910. Kilo hizo zimekaa vitini, juu ya injini, juu ya ekseli, juu ya kila chuma kizito cha gari. Kisha utingo atupe juu ya keria magunia ya dagaa na baiskeli mbili. Hapo mtungi umewekwa juu ya mtungi.

Wamarekani, ambao wana magari makubwa ya namna hii ya kubeba watu 15, waliliona jambo hilo katika hesabu zao. Mwaka 2001 idara yao ya usalama wa barabarani iliwatangazia wananchi kwamba gari hilo likiwa na watu 10 au zaidi, na likipata ajali peke yake bila kugongana, hupinduka karibu mara tatu kuliko likiwa na watu wachache. Gari ni lile lile, na dereva huenda ni yule yule. Kilichobadilika ni watu ndani yake. Tena walipima upepo wa tairi, wakakuta kwamba karibu robo tatu ya magari hayo yalikuwa na upepo usio sawa. Huko sheria inawakataza wauzaji kuuza gari jipya la namna hiyo kwa kazi ya kubebea watoto wa shule. Nayasema haya ili msidhani kwamba kupinduka ni ugonjwa wa barabara zetu peke yake.

Kipanya kina kasoro nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Dereva na wale wawili wa mbele hawana boneti mbele yao. Magoti yao yako karibu kabisa na bati la mbele. Gari likigonga mti, hakuna kitu cha kukunjika kabla ya miguu yao. Kile kiti cha mbele ambacho kila mtu hukigombania, kwa sababu kina upepo mzuri na mtu huona barabara, ndicho nisichomshauri mtu kukigombania.

Sasa pikapu. Dereva wake anayo boneti mbele, na injini iliyo kati yake na mti. Magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yako mbali zaidi, kwa hiyo barabarani hufuata mstari vizuri. Kwa dereva, pikapu ni gari la heri. Lakini nayo ina tabia zake. Springi za nyuma ni ngumu, kwa kuwa zilitengenezwa kuchukua karibu tani moja. Ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi sana. Ipite mahali penye vile vijituta vya changarawe ambavyo jua na magari hutengeneza, nyuma hurukaruka kama mbuzi, na tairi likiwa hewani halishiki barabara. Dereva akikanyaga breki hapo, mkia wa gari hutaka kumpita. Wakati wa mvua, katika udongo mweusi wa mbuga, mambo huwa mabaya zaidi.

Ukiipakia vizuri, mzigo ukikaa chini na kusogezwa mbele karibu na kibini, pikapu hutulia. Ukirundika mzigo wote nyuma kabisa, mbele huinuka na usukani huwa mwepesi kama wa kitoto. Dereva hupenda wepesi huo, kumbe ni dalili kwamba magurudumu ya mbele hayashiki ardhi kwa nguvu.

Na watu je? Hapa hesabu ni ngumu kuisikiliza, lakini tuifanye. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila aliye nyuma naye anakwenda kilomita 60 kwa saa. Gari likisimama ghafula au likipinduka, yeye haambiwi asimame. Anaendelea. Kuiangukia ardhi kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 14 hivi. Nani kati yenu angepanda juu ya mwembe wa mita 14 akajiachia? Kwa kilomita 40 ni mita 6 na kitu; bado ni kimo cha kuvunja shingo. Ndani ya kipanya mtu aweza kuumia vibaya, lakini ana ukuta, ana dari, na kama ana mkanda na ameufunga, ana kitu cha kumshika. Nyuma ya pikapu hana hata kimoja. Akikaa juu ya ukingo, kama vijana wapendavyo, hahitaji hata ajali. Shimo moja latosha.

Kwa hiyo Wakenya walipochoka kuzika watu walifanya nini? Mwaka 2004 waziri wa uchukuzi, John Michuki, alisimamia kanuni mpya. Kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda. Asiwepo mtu wa kusimama wala kuning'inia. Maelfu ya magari yaliondolewa barabarani kwa siku kadhaa, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, wengine wakanung'unika. Wengi wakaja kumshukuru baadaye, ingawa ukali wa kanuni hizo haukudumu kama ulivyoanza. Angalieni kwamba hakuwaambia watu wanunue gari jingine. Alishughulikia mwendo, mkanda na idadi ya watu.

Huku Tanzania sheria ya usalama barabarani ilitungwa mwaka 1973, nayo hairuhusu zaidi ya kilomita 50 kwa saa penye makazi. Nadhani twaijua sababu ya mwendo huo vibaya. Twadhani ni kwa ajili ya askari. Gari liendalo kilomita 40 kwa saa, katika lami kavu na kwa breki nzuri, husimama katika mita kama 9 baada ya breki kukanyagwa. Likienda kilomita 80, wengi watajibu mita 18. Sivyo. Ni kama mita 36, maana mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama huzidi mara nne. Na hapo hatujahesabu zile mita 22 ambazo gari hupita katika sekunde moja ya dereva kushtuka. Walimu, tafadhali pimeni mita hizo nje ya darasa kwa hatua, watu wazione kwa macho.

Basi, akina mama wa Suguti, narudi kwenu.

Dagaa ni mzigo wa ajabu. Gunia lake ni kubwa lakini si zito sana, kwa hiyo watu hulirundika juu bila hofu. Udaga na makopa ni mizigo mizito, nayo hukaa chini. Kama kazi yenu kubwa ni kupeleka dagaa Musoma au Bunda, na wanaosafiri nao ni watatu tu, basi pikapu yafaa, nao watatu wakae kibini pamoja na dereva ikiwa kuna nafasi yao. Ila lazima mjue mtakachokutana nacho. Siku ya kwanza jirani ataomba lifti. Siku ya pili wataomba wanne. Siku ya mnada watapanda ishirini, na kila mmoja atatoa fedha, na mweka hazina wenu atafurahi. Je, mtaweza kukataa fedha iliyokwisha kutolewa mfukoni? Mimi nawafahamu watu, na nafsi yangu naifahamu, sina hakika.

Kwa sababu hiyo, kama mnajua tangu sasa kwamba mtabeba watu, nunueni kipanya. Lakini toeni keria ya juu, iuzeni. Ng'oeni viti vya nyuma mkitaka, mzigo ukae ndani sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma kadiri iwezekanavyo, nao ufungwe kamba usije ukawarukia abiria mgongoni. Watu wasizidi viti vilivyobaki. Mikanda muitazame kabla ya kulipa, maana katika magari yaliyotumika mingi imekatwa au imezikwa chini ya vitambaa. Tazameni tairi za nyuma kwa uangalifu kuliko rangi. Tairi la nyuma likipasuka katika gari refu kwenda juu, mkia huyumba, na dereva asiyejua hukanyaga breki kwa nguvu; afanyalo la haki ni kuushika usukani sawasawa, kuachia mafuta, na kuliacha gari lipunguze mwendo lenyewe.

Kuna jambo moja ambalo nimelifikiri sana kabla ya kulisema. Usiku mtu anaumwa uchungu wa kuzaa, na gari la pekee kijijini ni pikapu. Siwezi kumwambia mtu asimpeleke. Mgonjwa na akae kibini, au ikibidi alazwe nyuma juu ya godoro, sakafuni, kichwa kikielekea kibini. Wanaomsindikiza wawe wawili, wakae chini kabisa migongo yao ikiegemea kibini, asikae mtu ukingoni wala kwenye mlango wa nyuma. Na dereva aende kilomita 30. Zahanati haitahama.

Kazi ya darasa ni hii. Siku ya mnada wapelekeni wanafunzi wawili wawili kituoni wakiwa na karatasi. Kila wawili wachague gari moja na waandike: ni viti vingapi, ni watu wangapi walioingia, ni mizigo gani iliyo juu na ni gani iliyo chini. Wazidishe watu kwa kilo 65. Halafu wamsalimu dereva kwa heshima, wamwulize gari lake limeandikiwa kubeba kilo ngapi. Leteni majibu yenu katika barua, nasi tutayasoma.